Mkia Wake Ulikuwaje?

Ndege wa kwanza niliyemtazama sawasawa maishani mwangu ni ndege ambaye nilikuwa nimemwona kila siku kwa miaka saba. Alikuwa ametua juu ya waya wa umeme nje ya jengo tunamoishi huku Ngara, jijini Nairobi, na jirani yangu wa ghorofa ya pili, mstaafu aliyefundisha bayolojia katika shule za sekondari na ambaye jengo zima humwita Mwalimu, akaniuliza ni ndege gani yule. Nikamjibu kwamba ni ndege tu, wa kahawia. Hakunisahihisha. Aliniomba nimtazame tena, kisha nimweleze kichwa chake, kifua chake na mkia wake, na akaweka sharti moja: nisitaje jina lolote hadi nimalize kueleza. Niliona kichwa cheusi kilichochongoka kidogo kwenye kisogo, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe lililofifia, na ndege alipogeuka kuelekea upande wa barabara nikaona chini ya mkia wake doa la manjano, manjano iliyokolea kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Miaka saba nilikuwa nikipita chini ya waya ule, na doa lile sikuwahi kuliona.

Huyo ni shore, Mwalimu akaniambia nilipomaliza, na ni miongoni mwa ndege wanaoonekana kwa wingi katika bustani, nyua na vichochoro vya Nairobi. Kulijua jina kulinifurahisha, lakini kilichobaki nami siku ile nzima hakikuwa jina. Kilikuwa ile nusu dakika iliyotangulia jina, ambapo kichwani mwangu hapakuwa na jambo lolote isipokuwa ndege yule na mkia wake. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipopata nusu dakika ya namna hiyo, na sikukumbuka.

Mimi ni mhariri wa vitabu vya kiada. Kazi yangu ni kusoma kile ambacho kila mtu anadhani kimekwisha kusomwa, na kwa miaka mingi niliamini kwamba umakini ni mali yangu ya kuzaliwa. Kisha mwaka mmoja, kitabu cha hisabati cha shule ya msingi nilichokuwa wa mwisho kukipitia kilitoka kiwandani huku majibu ya zoezi moja yakiwa yamewekwa chini ya zoezi jingine. Ukurasa ule nilikuwa nimeupitisha mbele ya macho yangu mara tatu, na saini yangu ilikuwa kwenye karatasi ya idhini. Watoto wangesahihishwa makosa ambayo hawakuyafanya. Nilipoitafuta sababu, sikuona uchovu wala ugonjwa. Niliona kwamba nilikuwa nikisoma huku simu imelala kando ya kalamu, nikiigeuza kila baada ya aya mbili, na kwamba macho yangu yalikuwa yamejifunza kuteleza juu ya maneno bila kuyagusa.

Hilo la kitabu liliniumiza, lakini la mama liliniumiza zaidi. Alinipigia kutoka Mombasa jioni moja na kunieleza mambo ya nyumbani, nami nikawa naitikia huku nikisoma ujumbe mwingine. Aliponiambia kwamba shangazi amelazwa, nikajibu, "Alhamdulillahi, vizuri." Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hunisikii." Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo, kwa sababu hasira ningeweza kuijibu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa mshipi. Nilipokuwa mdogo alinichukua mara chache katika ngalawa yake, na ninakumbuka jinsi alivyouweka mshipi juu ya kidole cha shahada na kukaa kimya, akiisoma bahari kwa ncha ya kidole hicho. Aliweza kutofautisha changu na tewa kabla samaki hajaonekana, kwa namna tu alivyouvuta uzi. Nikimsemesha, alijibu, hakuwa mtu wa kununa. Lakini kidole hakikuondoka. Alikuwa akisema kwamba kidole kikienda sokoni, samaki naye huenda zake. Nilipokuwa nikimtazama shore yule juu ya waya wa Ngara, nilimkumbuka babu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na nikajiuliza kama jambo alilokuwa nalo yeye ni jambo linaloweza kufundishwa kwa mtu mzima wa miaka arobaini na moja.

Nilimwendea Mwalimu Jumamosi iliyofuata. Nilimwamkia shikamoo, kama nilivyolelewa, naye, mtu wa bara aliyezoea kupeana mkono, akaitikia marahaba kwa tabasamu la mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia. Alinikabidhi darubini yake ya akiba, iliyoandikwa 8x42 ubavuni, akanieleza kwamba tarakimu ya kwanza ni mara ambazo kitu kinakuzwa na ya pili ni upana wa lenzi za mbele kwa milimita. Nilidhani yenye kukuza zaidi ndiyo bora. Akasema kwamba darubini hukuza pia mtetemeko wa mkono, na kwamba anayeanza anahitaji picha iliyotulia kuliko picha kubwa. Kisha akanifundisha jambo ambalo kila mtazamaji wa ndege hulijua: usimtafute ndege kwa darubini. Mtazame kwanza kwa macho matupu, usibandue macho, kisha uinue darubini ije mbele ya macho yako yakiwa bado palepale. Mara kumi za kwanza nilishindwa. Nilishusha macho kuitazama darubini, na nilipoyainua, tawi lilikuwa tupu.

Tulianzia mahali ambapo watu wengi wa Nairobi huanzia. Kila Jumatano asubuhi, kundi la watazamaji wa ndege hukutana kwenye Makumbusho ya Taifa, mwendo wa dakika chache kutoka kwetu, na kutoka hapo huamua waelekee wapi. Matembezi hayo yameongozwa tangu mwaka 1971 na Fleur Ng'weno, chini ya jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1909 kwa ajili ya elimu ya viumbe wa Afrika Mashariki na ambayo leo inajulikana kwa jina la Nature Kenya. Zaidi ya nusu karne ya Jumatano. Nami nilikuwa nikiishi umbali wa kutupa jiwe, nikilalamika kwamba jiji hili halina mahali pa kupumzisha kichwa. Kwa kuwa kazi yangu naifanyia nyumbani, niliihamisha Jumatano yangu ianze saa saba mchana.

Sharti la Mwalimu la kueleza kabla ya kutaja jina ndilo lililonibadilisha, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Mtu akiona kitu na kukipa jina, kazi ya kukitazama imekwisha. Akili husema "mwewe" na kugeukia jambo jingine, kama karani aliyegonga muhuri. Lakini ukizuiwa kutaja jina, unalazimika kubaki. Mwewe yule anayezunguka juu ya uwanja wa shule akisubiri chakula cha mtoto asiye na habari, ana mkia wenye panda, na mkia huo haukai sawa hata kidogo. Anaupinda huku na huku kama usukani, kila wakati, huku mabawa yakiwa yametulia. Sikulijua hilo hadi nilipokatazwa kusema "mwewe." Kuna adhuhuri moja nilitumia karibu robo saa nikieleza mkia tu, na Mwalimu akinisikiliza kwa makini aliyoyatumia, naamini, alipokuwa akisahihisha mitihani.

Tena kuna ndege ambao bila maelezo hutawajua kamwe. Katika bustani za Nairobi wako ndege wawili wa jamii moja wenye kifua cha rangi ya chungwa, kichwa cheusi na mstari mweupe juu ya jicho, ambao wote wawili hupenda vivuli vya chini ya vichaka na wote wawili huimba vizuri mno alfajiri na magharibi. Mmoja wao ni mwigaji hodari: huchukua miluzi ya ndege wengine na hata mluzi wa binadamu, akaupanga ndani ya wimbo wake. Ukiwatazama kwa haraka ni ndege mmoja. Tofauti iliyo wazi iko katika manyoya ya katikati ya mkia, ambayo kwa mmoja ni meusi na kwa mwingine ni ya kahawia yenye uzaituni. Nilipoambiwa hivyo nilishangaa kwamba mpaka kati ya spishi mbili unaweza kuwekwa mahali padogo namna ile, na kwamba anayetaka kuuona lazima asubiri ndege mwenyewe akubali kugeuza mgongo.

Macho hayana pazia, husema watu wetu, na ni kweli kwamba jicho huona chochote kilicho mbele yake. Lakini sikio nalo, nimegundua, huwa na pazia zito. Niliishi Ngara nikiamini kwamba asubuhi za huku ni honi na makanga wa matatu tu. Sasa naamka saa kumi na moja na nusu, kabla jua halijatoka, na kwa kuwa Nairobi iko karibu sana na ikweta, saa hiyo haibadiliki sana mwaka mzima. Wa kwanza kunifikia ni kwarara, wale wakubwa wa kijivu wenye mdomo mrefu uliopinda, wanaolala juu ya miti na kuamka kwa makelele yanayoweza kusikika mtaa wa pili. Wakishuka kwenye majani huwa kimya kabisa, wakichoma udongo kwa midomo yao kutafuta minyoo na wadudu. Kisha huja tiva, na huyu ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Kwa miezi miwili nilidhani sauti ile iliyo kama kengele, ikifuatwa na mkwaruzo, inatoka katika koo moja. Mwalimu akanisimamisha kati ya vichaka viwili asubuhi moja katika City Park, akaniambia nifumbe macho na nioneshe kwa kidole kila sauti inapotoka. Kidole changu kilikwenda kushoto, kikaenda kulia, kikarudi kushoto. Ni ndege wawili, dume na jike, na mmoja huingia mahali mwenzake anapoacha bila kuchelewa, hata wimbo ukasikika kuwa mmoja. Nilicheka peke yangu kwa furaha, nikiwa nimefumba macho, mbele ya watu waliokuwa wakipita na mbwa wao.

Inapofika mwishoni mwa Februari na mwezi wa Machi, hewa ikiwa nzito na kila mtu akiulizia masika, kekeo mwenye kifua chekundu huanza kuita: noti tatu zinazoshuka, tena na tena, mchana na hata usiku. Watu wengi huchukulia mwito wake kuwa ni ishara ya mvua. Yeye hajengi kiota. Hutaga yai katika kiota cha ndege wadogo wengine, wakiwemo wale wenye kifua cha rangi ya chungwa, akawaachia malezi. Majira hayohayo mbayuwayu waliotujia mwezi wa Oktoba kutoka Ulaya na Asia huanza kuondoka. Mbayuwayu mmoja ana uzito wa takribani gramu 20. Naandika tarakimu hiyo na nairudia akilini, kwa sababu barua iliyomo ndani ya bahasha ina uzito karibu na huo.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi. Ilianzishwa mwaka 1907 kwa nia isiyohusiana na ndege hata kidogo: walitaka kujua ni miti gani ya kigeni inayokua haraka ili ipatikane kuni za kuendeshea treni za mvuke. Reli ikabadilisha nishati yake, miti ikabaki, na leo zipo ekari nyingi za vivuli vilivyotoka pande zote za dunia, katikati ya jiji, zikipakana na Ikulu. Kwa sababu ya jirani huyo, mtu mwenye darubini huulizwa maswali. Siku moja askari wa doria alitusimamisha na kutuuliza tunatazama nini. Mwalimu hakujitetea kwa maneno. Alimpa darubini na kumwelekeza kwenye maua ya mshubiri, ambapo chozi dume, mwenye mng'aro wa shaba na mkia mrefu, alikuwa akinyonya nekta. Askari alitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu aliye kazini. Alipoirudisha darubini alisema kwamba ndege wale anawajua tangu utoto, walikuwa wakiwawinda kwa manati, na kwamba hakujua kuwa wana rangi ile.

Nimesoma kidogo kuhusu jambo linalonitokea. Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, katika kazi yao iliyotoka mwaka 1989, walitenganisha uzingativu wa aina mbili: ule tunaoulazimisha, ambao huchoka kama msuli, na ule unaovutwa wenyewe na vitu kama mawingu, maji na majani yanayotikisika. Walisema kwamba wa pili humpa wa kwanza nafasi ya kupumzika. Nakubaliana nao kwa sehemu. Nikiketi tu chini ya mti, kichwa changu hakipumziki. Huanza kuhesabu madeni. Kinachonitibu mimi ni kazi. Nahitaji kuulizwa mguu ulikuwa wa rangi gani. Nadhani ndiyo maana watu wengi wanaoshauriwa kwenda kutulia porini hurudi wakiwa na wasiwasi uleule: wamepewa mahali, lakini hawakupewa swali.

Kwa sababu hiyohiyo sina mapenzi makubwa na programu za simu zinazosikiliza sauti ya ndege na kutoa jina papo hapo. Zinasaidia, na nimeona vijana waliozianzia wakawa watazamaji wazuri. Lakini zinakupa mwisho kabla ya mwanzo. Wala sina mapenzi na kuhesabu. Kenya ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege, na katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi peke yake, kilomita za mraba 117 zilizotengwa mwaka 1946, zimeandikishwa zaidi ya 400. Nilikwenda huko siku moja na kundi lililopania kuvunja rekodi yake. Tulikimbizana garini kutoka bwawa hadi bwawa, orodha ikafika 63, na jioni nilipofunga macho niliweza kukumbuka vizuri ndege wanne. Ilikuwa simu yangu ileile, ila sasa ina magurudumu.

Kuna korongo wa barabara ya Mombasa, wale warefu wenye upara na mfuko shingoni, ambao wakazi wengi huwaona kuwa ni balaa la uchafu. Nakiri kwamba nami nilifunika pua. Mwalimu alinipeleka tukasimama kando ya barabara saa kumi jioni, magari yakipiga honi, tukamtazama mmoja akiruka kutoka juu ya mgunga. Mabawa yake, yakifunguka, ni mapana zaidi ya urefu wa mwanamume mrefu, na mara baada ya kupiga mapigo machache alikuta mkondo wa hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye lami, akaacha kupiga, akaanza kuzunguka. Tulimfuata hadi akawa nukta. Miguu yake huonekana myeupe kwa sababu hujinyea ili kinyesi kikikauka kimpunguzie joto, na hilo pia nilitakiwa nilieleze kabla ya kuambiwa sababu. Tangu siku ile msongamano wa barabara ile haujanikera tena kwa namna ya zamani. Huwa nainua macho.

Kisha kuna Karura. Siwezi kutembea ndani yake bila kukumbuka kwamba Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti huko, wakati ardhi ya msitu ilipokuwa ikigawiwa watu wa kujenga. Miaka mitano baadaye, 2004, alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Msitu bado upo, zaidi ya hekta 1,000, na ndani yake yuko tai mkubwa mwenye kishungi ambaye ana nguvu za kumbeba kima. Nilimsubiri mwaka mzima. Sikumwona kwa juhudi zangu, niliwaona kima. Walikuwa wakila, wakanyamaza wote kwa pamoja, wakajibanza kwenye mashina ya miti, na katika ukimya ule nikahisi nywele za shingo zikinisimama kabla sijajua ninaogopa nini. Kivuli kikapita juu ya matawi. Nilimwona kwa sekunde tatu labda: kifua chenye madoa na mistari, mabawa mafupi mapana ya ndege wa msituni. Wale kima walikuwa wameelekeza fahamu zao zote mahali pamoja, nami nilikuwa mmoja wao.

Si kila siku inakuwa hivyo. Zipo Jumatano ninazotembea saa mbili nzima nikiwa na ankara akilini, darubini ikiniumiza shingo bure. Mwezi wa Julai, wingu la kijivu likiwa limelifunika jiji hadi mchana na baridi ikipenya sweta, ndege hukaa kimya nami hutamani blanketi. Sikuponywa. Hata hivyo, kazini nimeanza kutumia sharti la Mwalimu. Kabla ya kuidhinisha ukurasa, naueleza kwa sauti kana kwamba kuna mtu asiyeuona: picha hii iko juu, inaonyesha mizani, upande wa kushoto una maembe matatu, swali linauliza manne. Simu hukaa chumba kingine. Na mama anapopiga, naketi dirishani, naacha kila kitu, na nikimaliza kusikiliza humrudishia alichosema ili ajue kimefika. Sasa yeye mwenyewe huniulizia ndege. Juzi alinieleza kunguru wa dirishani kwake, wale wembamba wenye shingo ya kijivu waliotoka Bara Hindi na kuijaza Mombasa, nami nikamuuliza mdomo wake ulikuwaje, akaniambia, "Ngoja nikamtazame," akaiacha simu juu ya meza, nikasikia nyayo zake zikienda.

Miezi minane iliyopita Mwalimu aliacha kuwaona ndege wanaokuja kutoka pembeni. Nilikuwa nikimwonesha tetere upande wa kulia, naye akageuza kichwa kizima. Hospitalini aliambiwa kwamba ni presha ya macho, ugonjwa unaoanza kula kingo za uoni kimyakimya, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, ingawa dawa zinaweza kukilinda kilichobaki. Alinieleza hayo tukiwa tumeketi City Park, karibu na kaburi la Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya, kwa sauti ileile anayoelezea mabawa. Kisha akaivua darubini yake shingoni, ile nzuri, akaniwekea mapajani.

"Masikio yangu bado ni mazima, binti," akasema. "Macho utakuwa wewe."

Hivyo ndivyo tunavyokwenda sasa. Namshika mkono kwenye ngazi, na tukifika ndani ya miti yeye ndiye husikia kwanza na kuniambia nielekee wapi, nami nikishaona, namweleza. Simtajii jina. Nikilitaja hunyamaza tu na kungoja nianze upya. Nimejifunza kwamba mtu asiyeona hataki kuambiwa ndege ni mzuri.

Jumatano iliyopita, Arboretum, kulikuwa kumenyesha usiku na majani yalikuwa bado yakidondosha matone. Wimbo ukaanza kwenye kichaka cha chini, mluzi mrefu unaopanda kutoka ukimya, na Mwalimu akaninyooshea kidole bila kusema. Nilimwona kati ya matawi mawili. Nikaanza: kifua cha rangi ya chungwa hadi tumboni, kichwa cheusi, mstari mweupe juu ya jicho unaofika kisogoni, mgongo wa kijivu, miguu sikuiona.

"Manyoya ya katikati ya mkia?"

Ndege akaingia kichakani kabla sijajibu.

"Bado, Mwalimu."

"Basi tungoje."

Akaegemea fimbo yake kwa mikono yote miwili, akafumba macho. Nikainua darubini na kuielekeza mahali ambapo tawi lilikuwa bado likitikisika.